Waya wa Kwanza ni Mkurugenzi

Waliohudhuria kikao cha Kamati ya Kuamua Mtambo Utazame Nini, Mara Ngapi na kwa Heshima Gani, kilichofanyika Keringet mwezi wa Juni mwaka 2007, ni hawa: Bwana Kosgei, Mkurugenzi wa Kituo cha Upimaji wa Mawimbi ya Umeme, Nakuru, mwenyekiti; Bi Wanjugu, Afisa Mkuu wa Itifaki; Bi Akoth, mwakilishi wa Makao Makuu, Nairobi; Bwana Surinder, mfanyabiashara wa Nakuru aliyeuza mtambo na kuja kuufunga; Mama Chepkurui, meneja wa tangi la kupoza maziwa la wakulima wa Keringet, mlalamishi; na Bwana Elphas, katibu. Waliotuma udhuru: hakuna. Waliokuwa nje bila kualikwa: wakulima na mitungi yao.

Elphas aliisoma orodha hiyo akiwa amesimama wima, kisha akaketi ameridhika. Alikuwa amefundisha shule ya msingi huko Bahati kabla ya kuajiriwa na Kituo, na tangu enzi za kuita majina darasani aliamini kwamba shughuli ambayo watu wake wote wametajwa imekwisha kufanikiwa nusu. Nusu iliyobaki ni chai.

Bwana Kosgei akainuka, akafunga kifungo cha koti.

"Itifaki zote zizingatiwe," alisema. "Ndugu zangu, leo tumeandika historia. Kuanzia sasa hakuna wimbi la umeme katika eneo letu litakalopita bila kutazamwa. Wimbi litatazamwa, litahojiwa, na ikibidi litapewa ushauri nasaha."

Walipiga makofi. Chumba kilikuwa kile cha kupokelea maziwa, chenye sakafu ya saruji yenye unyevu, na makofi yalirudi kutoka kwenye tangi la chuma kana kwamba nalo limeunga mkono.

Shauri lenyewe lilikuwa hivi. Mota ya kuendesha kompresa ya tangi hilo iliungua baada ya Pasaka. Wakulima walichanga wakaleta ya pili, nayo ikaifuata mwenzake kabla ya matanga kuanuliwa. Sasa ilikuwapo ya tatu, mpya, imefungwa tayari, lakini watu wa umeme walikataa kugusa chochote kwenye laini hiyo mpaka Kituo kiseme mgonjwa ni nani: umeme au mota. Kampuni iliyonunua maziwa nayo ilikuwa imechoka. Lori lake lingefika siku hiyo hiyo, na likikuta maziwa yana joto tena, safari itakayofuata lingekuja kung'oa tangi, ambalo lilikuwa mali ya kampuni, na kulipeleka Bahati. Maziwa ya asubuhi yalikuwa ndani tayari, yakisubiri. Baridi ya Keringet humfanya mbuzi atafute jiko, lakini haiwezi kupoza tangi zima la maziwa.

"Wakubwa," alisema Mama Chepkurui, leso amejifunga kiunoni kama mtu aliyekuja kazini, "maziwa haijui kikao. Ikichacha imechacha. Naomba tu twende haraka."

"Haraka ni ajenda?" aliuliza Bi Wanjugu.

Elphas aliangalia. "Si ajenda."

Wakaanza na iliyokuwa ajenda: mtambo uanze kutazama wapi.

Bwana Surinder aliupapasa mtambo wake kama mtu anayetuliza farasi. "Hii mashini iko na waya nane. Inaangalia ya kwanza, inaenda ya pili, mpaka ya nane, halafu inarudi tena mwanzo. Mimi nafunga namba moja kwa mota ya mama, tunaona shida, tunamaliza, kila mtu anaenda lunch."

Bi Wanjugu aliweka biskuti chini.

"Bwana Surinder. Unasema mtambo wa serikali ufike mahali, Mkurugenzi akiwa ameketi, halafu uanze kwa kusalimu mota?"

"Haisalimu, madam. Inapima."

"Kupima ni kutambua, na kutambua kuna mpangilio wake. Mimi nimetambua wageni katika hafla tangu niajiriwe. Sijawahi kuona mota ikitajwa kabla ya mwenyekiti."

Hoja hiyo ilimwingia Elphas vizuri sana. Kama kila chombo kingeanza popote kinapotaka, kesho vyombo vyote vingeanza popote. Akaandika azimio: waya wa kwanza ni Mkurugenzi, wa pili, Makao Makuu, wa tatu, Itifaki, wa nne, Katibu, waya zilizobaki katikati zihifadhiwe kwa wageni waheshimiwa watakaochelewa, na wa nane, mahali panapotolewa neno la shukrani, uwe mota.

"Sawa, boss," alisema Surinder, mkononi ameshika waya mwekundu. "Namba moja ni Mkurugenzi. Sasa nifunge wapi? Kwa tai?"

Ni kweli kwamba Kamati ilikuwa imempa Mkurugenzi waya bila kumpa umeme. Waya za Makao Makuu, Itifaki na Katibu zingeweza kuachwa zikining'inia kwa heshima, lakini waya wa kwanza hauning'inii.

"Umeme ninao," alisema Bwana Kosgei, akitabasamu kwa kiasi. "Nina kiwanda kidogo cha kupasua mbao, hapo ng'ambo ya barabara. Ni mchango wangu kwa maendeleo ya mashinani. Funga hapo."

Mama Chepkurui aliinua mkono juu kama mtu anayezuia ng'ombe. "Mkubwa, hiyo msumeno ndiyo—"

"Mama," alisema Elphas kwa upole, "hilo litakuja chini ya Mengineyo."

"Mengineyo ni saa ngapi?"

"Ni baada ya mengine."

Elphas alijua Mama alichotaka kusema. Asubuhi, kabla ya msafara wa Mkurugenzi kuwasili, Mama alimpa chai akamweleza yote: kwamba msumeno ule uliunganishwa kwa muda kwenye nguzo ya umeme ya tangi, na huo muda haujaisha mpaka leo, kwamba ukiamshwa, taa ya ofisi yake hulala, na mota huguna kama mzee anayeamshwa na mjukuu. Elphas alimsikiliza hadi mwisho. Akamwambia kwamba jambo hilo ni zito, na mambo mazito yana mahali pake, napo ni kwenye Mengineyo. Kilichomkera kidogo sasa ni kukumbuka kwamba katika historia ya Kamati hiyo, Mengineyo haijapata kufikiwa.

Surinder alifunga waya wa nane kwenye mota, akavuka barabara na ule wa kwanza, akakuta wapasuaji wako kwenye chai, akabana kibanio cha kupimia kwenye kebo ya msumeno, akarudi na matope hadi kwenye vifundo vya miguu. "Imefungwa. Sasa tunaambia mashini iangalie mara ngapi. Umeme inapanda na kushuka mara hamsini kwa sekunde. Ukitaka kuona ukweli, iangalie mara elfu kadhaa kwa sekunde, kila waya."

"Kila waya?" aliuliza Mkurugenzi.

"Kila waya."

"Mkulima na Mkurugenzi watazamwe sawasawa?"

"Umeme ni umeme, boss."

Bwana Kosgei alimtazama kwa huruma ya mtu aliyesoma utawala. "Bwana Surinder, mimi nina mkataba wa utendakazi. Makao Makuu hunitazama mara moja kila robo ya mwaka, na Bi Akoth hapa ni shahidi, kila wakitazama wananikuta nimetulia. Mtu wa kawaida ukimtazama mara elfu kwa sekunde unamtia wasiwasi. Ataanza kutikisika hata kama hakuwa akitikisika. Waya wa nane utazamwe mara moja tu katika kila wimbi."

"Mara moja wapi? Juu, chini?"

"Utazamwe umeme ukiwa umepumzika. Pale katikati."

"Katikati ni sifuri," alisema Surinder. "Umeme ikipanda inapita sifuri, ikishuka inapita sifuri. Ukiangalia hapo tu utaona sifuri mpaka Krismasi. Hata mota ikishika moto utaona sifuri."

"Basi tumekubaliana," alisema Mkurugenzi. "Katibu, andika: utulivu."

Elphas akaandika.

"Lakini Mkurugenzi mwenyewe," aliingilia Bi Wanjugu, ambaye hakuwa mtu wa kuacha heshima nusunusu, "hawezi kutazamwa mara moja moja kama mgonjwa wa kliniki. Mkubwa hutazamwa muda wote. Akikohoa watu wanaandika. Huo mtambo mwisho wake wa kutazama ni wapi?"

Surinder alimwambia. Ilikuwa idadi kubwa mno.

"Mpe yote."

"Yote kwa waya moja?"

"Kwani wengine wana nini cha kuonwa?"

Bwana Kosgei alijaribu kuonyesha kwamba hilo limemzidi, lakini hakupinga. Likapitishwa.

Ajenda ya tatu ilikuwa kiwango cha kushtuka. Surinder alieleza kwamba mtambo huwekewa mpaka: umeme ukiuvuka, mtambo hupiga kengele na kuhifadhi tukio hilo. Ukiweka mpaka chini, hushtuka kwa jambo dogo; ukiweka juu, hushtuka kwa jambo kubwa tu.

Hapa hapakuwa na mjadala mrefu. Mota ya wakulima ilipewa mpaka wa juu kabisa, kwa sababu mwananchi hapaswi kusumbua ofisi kwa kila kitu. Mkurugenzi alipewa mpaka wa chini kabisa, kwa sababu hakuna jambo la Mkurugenzi lililo dogo.

"Na jambo la Mkurugenzi halisubiri kikao kijacho," aliongeza Bwana Kosgei, ambaye sasa alikuwa amepata moto wa kuzungumza. "Napendekeza azimio: lolote ambalo mtambo utaliona kwenye waya wa kwanza, Kamati ilishughulikie papo hapo, kabla ya chakula. Na mipangilio hii yote ifungwe kwa neno la siri, isibadilishwe na mtu yeyote wa cheo chochote hadi ripoti itoke. Mnakumbuka yaliyotokea Mai Mahiu. Fundi alibadilisha mipangilio, mtambo ukaona mambo yaliyo nje ya hadidu za rejea."

"Naunga mkono," alisema Bi Wanjugu.

"Na neno la siri litakaa na nani?" aliuliza Bi Akoth. Ilikuwa mara yake ya kwanza kusema.

"Na Makao Makuu, bila shaka," alisema Mkurugenzi, akiinamisha kichwa.

Bi Akoth aliusogelea mtambo, akabonyeza herufi zake huku akiziziba kwa kiganja, akarudi kwenye kikombe chake.

Mama Chepkurui alikuwa akisikiliza simu. "Dereva wa lori anasema ametoka Molo," alisema, na sauti yake haikuwa na leso tena kiunoni, ilikuwa imelegea. "Tafadhali. Niwashe?"

"Washa," alisema Mkurugenzi. "Serikali inatazama."

Mama aliwasha. Mota mpya ilivuma vizuri, na nje wakulima wakanyamaza ili waisikie. Kwenye kioo cha mtambo mstari wa waya wa nane ulinyooka kama kamba ya kuanikia nguo.

"Mnaona?" alisema Bwana Kosgei. "Umeme wa Keringet umetulia. Katibu, hiyo ndiyo ripoti. Mama, kama mota zenu zinaungua katika utulivu wa namna hii, basi ni matumizi mabaya. Nendeni Bahati mkajifunze."

"Bahati ndiko tangi inapelekwa," alisema Mama Chepkurui. "Hayo masomo tutarudi kutumia kwa tangi gani?"

Elphas alikuwa ameshaandika neno "matumizi". Alikuwa akiandaa "mabaya" wakati wapasuaji wa ng'ambo walipomaliza chai yao.

Msumeno uliamka. Taa ikalala. Mota ikaguna, ikatetemeka, ikaanza kutoa harufu ya mpira unaokaangwa. Mstari wa waya wa nane haukutikisika hata kidogo. Lakini waya wa kwanza! Waya wa kwanza ulirukaruka kioo kizima, juu hadi chini, na mtambo ukapiga kengele, ukapiga tena, ukaendelea kupiga, ukihifadhi kila tukio la Mkurugenzi kwa uaminifu ambao haujapata kuonekana katika utumishi wa umma.

Mama Chepkurui aliruka akazima mota. "Nimeizima kabla ichomeke! Hii ya tatu mimi siziki, mmesikia? Siziki!"

Msumeno wa ng'ambo ulikutana na gogo, ukalia. Kengele ikalia nao. Kila gogo lilipoingia, Mkurugenzi alivuka mpaka.

"Huu mtambo ni mgonjwa," alisema Bwana Kosgei.

"Hapana, boss," alisema Surinder. "Ni mzima kabisa. Nyinyi mlisema iangalie wewe sana, na ishtuke haraka. Inashtuka."

"Punguza."

"Imefungwa. Muulize madam."

Bi Akoth alikunywa chai. "Yeyote wa cheo chochote," alisema. "Lilikuwa azimio lako, Bwana Mkurugenzi. Nililipenda."

Bwana Kosgei alitoa leso ya mfukoni, akajipangusa shingo. Kisha akafanya jambo ambalo Elphas hakuwahi kulishuhudia kwa ofisa yeyote tangu atoke chuo cha ualimu: aliomba kushushwa.

"Napendekeza, kwa unyenyekevu," alisema, akiinua sauti juu ya kengele, "Mkurugenzi ahamishiwe waya wa nane. Na mota ije wa kwanza. Tuwape wananchi nafasi. Uongozi ni kutumikia."

"Haiwezekani!" Bi Wanjugu alisimama. Machozi yalimlengalenga, alikuwa akimtetea kwa moyo wake wote. "Mkurugenzi hashushwi na kamati! Aliyeteuliwa na Waziri hushushwa na Waziri!"

"Nina namba ya Waziri," alisema Bi Akoth, akitoa simu mkobani. "Nimpigie, nimweleze sababu?"

"Hapana," alisema Bwana Kosgei upesi. "Hapana, hapana. Tusimsumbue Mheshimiwa. Waya wa kwanza unatosha." Akamgeukia katibu wake. "Elphas. Wewe ni mtu wa busara. Hakuna njia? Si tunaweza kulipeleka hili kwenye Mengineyo?"

Elphas alitazama karatasi zake. Hakuwa mtu wa uasi. Angefurahi kumsaidia mkubwa wake, kama alivyowahi kuwasaidia watoto waliochelewa kwa kuwaandikia kwamba walikuwa njiani. Lakini alimtazama pia Mama Chepkurui, aliyekuwa ameegemeza paji la uso kwenye chuma cha tangi akisikiliza maziwa yake, na alitambua kwamba kuna mtu mmoja tu chumbani ambaye siku nzima alikuwa amefuata utaratibu: aliomba nafasi, akanyimwa, akasubiri.

"Bwana Mkurugenzi," alisema, "jambo la waya wa nane lingeweza kwenda kwenye Mengineyo. La waya wa kwanza halisubiri. Kamati ilishughulikie papo hapo, kabla ya chakula."

"Kulishughulikia vipi?"

"Hapo nadhani Mama ana la kusema. Mama Chepkurui, una nafasi."

Mama hakuinua kichwa mara moja. Labda alidhani amesikia vibaya. Kisha akageuka. "Msumeno izimwe sasa hivi. Halafu waya yake itolewe kwa nguzo yetu. Hakuna kingine, wazee. Ni hiyo tu, tangu Pasaka ni hiyo tu."

"Singh anaweza kutoa dakika hii," alisema Surinder, akijitaja kwa jina lake la pili, kama watu wa mji walivyozoea kumwita. Tayari alikuwa amevaa glavu.

Elphas aliliweka kwa lugha ya Kamati: kwamba, kutokana na yaliyoonwa kwenye waya wa kwanza, ambao kwa azimio la Kamati ni Mkurugenzi, Mkurugenzi azimwe na aondolewe kwenye nguzo. Bi Akoth aliinua mkono kuunga mkono. Bi Wanjugu aliinua wake pia, kwa sababu mpangilio wa majina ulikuwa sahihi. Bwana Kosgei alitazama mikono ile, akasikia kengele ikipiga tena, na hatimaye akainua wake, kama mtu anayesimamisha gari lililokwisha kupita.

"Basi katibu aende awatangazie," alisema, akikusanya karatasi ambazo hazikuwa zake.

"Sivyo, bwana," alisema Bi Wanjugu, akimnyoosha kola. "Azimio la Kamati hutangazwa na mwenyekiti. Mimi nitakutambulisha."

Akamtangulia hadi kwenye jukwaa la nje la kupokelea mitungi. Ukungu ulikuwa umeshuka barabarani, na kutoka upande wa Molo palisikika gari kubwa likibadilisha gia mlimani. Wakulima walisimama kwa mstari, mikono kwenye vifuniko vya mitungi. Bi Wanjugu alimtaja Mkurugenzi kwa jina kamili, cheo kamili, na shahada zake zote, na Bwana Kosgei akasogea mbele. Kwa kuwa hakujua kuhutubia kwa namna nyingine yoyote, akafunga kifungo cha koti na kutanua kifua.

"Wananchi wa Keringet," alisema, "itifaki zote zizingatiwe. Kamati yangu imeketi, imetazama, na imeona. Kwa mamlaka niliyopewa, naamuru kwamba Mkurugenzi azimwe mara moja, atolewe kwenye nguzo ya maziwa, na asiwashwe tena bila idhini ya Mama Chepkurui."